Mate Hayajakauka

Bibi mwenye nyumba wetu hakuwa na saa ya ukutani wala ya mkononi. Saa yake ilikuwa mate. Akitaka kukutuma anakuita, anakutia hela kiganjani, anakukunja ngumi kwa vidole vyake mwenyewe, halafu anainama na kutema kwenye vumbi la uani. "Haya. Yasikauke hujarudi."

Watoto wa Tanga au Bukoba, nadhani, mate hayo yaliwapa nafasi ya kupumua. Sisi tulikuwa Majengo, Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Novemba tone la mvua ni hadithi, na upepo wa Agosti unakausha kanga ya kwanza kabla hujamaliza kuanika ya pili. Inasimuliwa kwamba jina la mji wetu limetokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Huyo tembo alibahatika kuja masika. Mate ya Dodoma hayamsubiri mtu avae ndala, ndiyo maana tulikimbia peku.

Nimezaliwa 1988, na mpaka namaliza darasa la saba kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kutumwa. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita vya kupanga, ukumbi mrefu katikati, choo na bafu nyuma, na mwarobaini mmoja uani uliokuwa ukumbi wa mikutano, jiko la pili na duka la dawa kwa wakati mmoja. Baba alikuwa na cherehani barazani. Mama alikaanga maandazi. Wapangaji wengine walikuja na kuondoka, lakini sheria moja haikubadilika: mtoto akionekana amekaa bure, mtu mzima yeyote ana haki naye. Ukisikia jina lako unaitika "Abee," unafika mbio, na hapo ndipo unajua umeitwa na nani.

Dukani kwa Mangi kulikuwa hatua kama mia mbili. Mangi, kama Mangi wote wa nchi hii, alikuwa na jina lake la ubatizo ambalo hakuna aliyelijua. Tulitumwa vitu kwa vipimo vya mtu anayeishi siku kwa siku: sukari robo, mafuta ya kula kipimo kimoja ndani ya chupa uliyotoka nayo nyumbani, mafuta ya taa ya koroboi, sigara mbili za kaka wa chumba cha tano. Kuandikiwa kwenye karatasi ilikuwa aibu, maana yake huna kichwa. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia nikiimba, kila neno na mguu wake: sukari robo, mafuta kipimo, kiberiti kimoja, sukari robo. Ukijikwaa tu, wimbo unakatika, na ukisimama unakuta sukari imebaki ila kiberiti kimeanguka njiani. Mpaka leo nikienda sokoni miguu yangu inahesabu.

Lakini maneno magumu kuliko yote yalikuwa yale ya mwisho wa mwezi: "Mama kasema atakuja." Mangi alikuwa na daftari la mistari, gamba limelainika kama kitambaa, kila nyumba na ukurasa wake. Nilijifunza mapema kwamba sentensi hiyo haisemwi watu wakiwa wamejaa. Unasimama pembeni, unajifanya unasoma maandishi kwenye maboksi ya sabuni, unangoja wateja wapungue, ndipo unasogea na kuisema kwa sauti ya chini. Naye Mangi, ambaye kwa kupiga kelele na madereva wa mikokoteni hakuwa na mfano, kwenye hilo alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuinua macho. Alifunga sukari yangu kwenye gazeti kwa mikunjo ileile aliyomfungia mwenye hela taslimu, akaandika, akanisukumia. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kumsitiri mtu darasani. Nilikuta kazi hiyo inafanyika kaunta.

Kuhusu uaminifu, wacha niseme ukweli wangu. Siku moja chenji ilibaki shilingi ishirini, ile yenye tembo, na njiani alikaa mama muuza ubuyu wa rangi. Nikajiambia Bibi hatahesabu. Nikanunua, nikala mbiombio nikitema mbegu nyuma ya ukuta, nikafuta midomo kwa sketi, nikaingia uani nimenyooka kama askari. Nikamkabidhi mzigo. Nikasema chenji hakuna, sukari imepanda. Bibi akanitazama muda mrefu kidogo, kisha akasema neno moja: "Ulimi."

Nikautoa. Anayejua ubuyu wa rangi anajua ulikuwaje.

Nilisubiri fimbo. Haikuja. Kilichokuja ni kibaya zaidi: wiki nzima hakunituma. Alikaa pale chini ya mwarobaini, mimi nimekaa mbele yake nimekunja miguu, halafu anamwita mtoto wa chumba cha pili, mdogo kwangu miaka mitatu, anamkunja ngumi na kumtemea mate. Mtoto anatoka mbio akinipita. Watu wanadhani mtoto anapenda kuachwa acheze. Mimi nililia kwa sababu nilikuwa naachwa nicheze.

Kutumwa ndiko kulikonipa ramani ya mji. Nilipelekwa mashine ya kusaga na debe la mtama kichwani, nikarudi nywele nyeupe kama bibi kizee. Nilipelekwa kwenye foleni ya maji kukalia nafasi ya watu watatu, nikijifunza kutetea dumu la mtu mwingine kwa ukali kuliko langu. Maji ya mji yalitoka visima vya Mzakwe, lakini kwetu yalitoka pale yalipotaka, mara nyingi usiku wa manane, na Juni usiku Dodoma kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka waje bila sweta. Nilipelekwa stesheni kumkabidhi abiria kifurushi dirishani, treni ikisimama, na harufu ya breki ikichanganyika na zabibu zilizouzwa kwenye mabakuli. Msimu wa zabibu ni mara mbili kwa mwaka, na kwa msimu huo tulipata hela yetu wenyewe. Bunge nalo lilipohamia Dodoma mwaka 1996, tukapata msimu wa tatu: likikaa, gesti zinajaa, nyanya zinapanda, na Bibi anahamia kulala na wajukuu ili chumba chake akipangishe.

Nikienda likizo Dar kwa mama mkubwa, binamu zangu walinipokea kwa swali lilelile: "Mmemwacha nani Mirembe?" Kwao Dodoma nzima ilikuwa ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Sikuwa na jibu la kuwachekesha. Nilikuwa nimeshatumwa huko mara mbili kumpelekea chakula ndugu ya mpangaji mmoja, na nilichokumbuka ni kijana aliyenishukuru kwa adabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpelekea chochote, kisha akauliza kama mvua zimenyesha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi nililiacha nje nilipowasimulia watu utoto wangu, kwa sababu linaharibu utamu.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kaka wa chumba cha tano aliniita jioni, giza limeshaingia, akanipa bahasha nimpelekee mgeni wake aliyefikia gesti moja mtaa wa pili. Nikaenda, kwa nini nisiende? Nikapiga hodi. Mlango ukafunguliwa, mwanamume akapokea bahasha, akasema, "Ingia ndani mtoto, usiogope." Nami nikaingia. Kulikuwa na televisheni, na kwetu hakukuwa na televisheni. Akanikalisha kitandani, kiti hakikuwepo. Akanifungulia soda. Akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Nilikuwa nimefika nusu ya chupa niliposikia mtu anakohoa mlangoni, kikohozi ambacho si cha mgonjwa, na mwanga wa tochi ukaingia chini ya pazia.

Bibi hakusalimia. Alinishika sikio, akanitoa, na njia nzima hakusema kitu. Hakikutokea chochote. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyarudia naona ulivyokuwa mdogo umbali kati ya chochote na kitu.

Usiku ule uani kulikuwa na ugomvi ambao sijausikia tena mfano wake. Bibi alikuwa Mgogo wa zamani, mpole, anayemwitikia kila anayempa salamu ya "mbukwenyi" barabarani. Usiku ule alisema na kaka wa chumba cha tano kwa Kiswahili, kisha Kiswahili kikamwishia akaendelea kwa Kigogo. Mwisho wa mwezi chumba cha tano kilikuwa wazi. Na kesho ya ugomvi ule, asubuhi, alitupanga watoto wote chini ya mwarobaini. Adhana ya magharibi ikishalia, akasema, yeye ambaye Jumapili alikuwa mtu wa kanisani, hakuna mtoto wa nyumba hii anayetumwa na yeyote, hata baba yake mzazi. Halafu akatuonyesha kwa miguu yake mwenyewe. Akatoka nje ya geti la bati, akarudi, akapiga hodi, akasimama kizingitini na vidole vya miguu nje ya ukingo. "Hapa. Unasema ulichotumwa, unatoa ulichopewa, unageuka. Hata wakikwambia ndani kuna harusi." Akatufanyisha mmoja mmoja. Mtoto wa chumba cha pili vidole vyake vilivuka ukingo, akarudishwa geti na kuanza upya.

Tarehe 14 Oktoba 1999 nilitumwa betri za redio. Zilikuwa zimeisha siku mbili na hakuna aliyejali, mpaka habari ilipopita mtaani kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London na Rais Mkapa ametangaza. Bibi akafungua pindo la kanga, akanipa sarafu za mia mia. Kwa Mangi zilikuwa zimebaki betri mbili kubwa. Nikazipanga sarafu kaunta, na Mangi, badala ya kuzifagilia kwenye droo kama kawaida yake, akazigeuza zote upande mmoja. Sura ya Mwalimu ikawa juu kwenye kila moja. Tukazitazama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na hakuna aliyenihimiza. Niliporudi, mate yalikuwa yamekauka zamani na Bibi hakuyaangalia. Redio ikalia muziki wa maombolezo, siku baada ya siku, na betri zile hazikuisha upesi kama nilivyoogopa.

Mume wa mama wa chumba cha mbele aliuza mitumba. Kila mwezi alishuka Dar kwa treni na kurudi na belo. Tulimwita Baba Belo, na alikuwa mtumaji hodari kuliko wote: hawezi kukuona bila kukumbuka kitu anachohitaji. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002 alikuwa kwenye treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam. Ilipofika kwenye mlima wa Igandu, kabla ya Dodoma, treni ile ilirudi nyuma kwa kasi, mwendo mrefu, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280.

Mji ulijua kabla redio haijasema. Watu wa reli walikuwa na ndugu kila mtaa. Mama wa chumba cha mbele alikuwa amesimama uani na kisahani mkononi, hakiwekwi chini wala hakishikwi vizuri. Bibi akaniita. Nilikuwa darasa la saba, mrefu kuliko yeye. Akanishika ngumi kama kawaida, ila hakuweka hela ndani yake. "Nenda na mama yako mdogo hospitali. Usimwachie mkono."

Nikangoja. Hakutema mate. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kutumwa bila kupewa muda.

Tulikwenda siku mbili. Sitasimulia yote niliyoyaona, mengine ni ya watu wenyewe. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama jirani nasi na chupa ya chai, amefunga kikombe kwa leso, kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa ambaye kitanda chake anakijua. Siku ya kwanza alikuwepo. Siku ya pili alikuwepo, na chupa ileile. Tuliitwa sisi, yeye tukamwacha pale.

Baba Belo alikuwa na mguu umefungwa mbao, uso umevimba, kope zimejaa vumbi. Mke wake alipomwona alikaa chini sakafuni. Yeye macho yakamzunguka mpaka yakaniona mimi, nimesimama mlangoni, vidole nje ya ukingo, mazoea. Akajaribu kuinua kichwa.

"Wewe," akasema, sauti kama karatasi. "Hebu nenda hapo nje kaniletee soda ya baridi."

Nilitoka mbio. Nilikuwa nimefika kwenye meza ya muuza soda nilipogundua kwamba hakunipa hela, na mimi sina hata senti. Yule mama muuzaji sikumjua, wala hakunijua. Nikasubiri wateja wawili waondoke. Nikasema sentensi niliyoijua kuliko zote: "Mama atakuja kulipa." Akanitazama miguu yenye vumbi, akatazama geti la hospitali nililotokea, akafungua chupa. "Chupa uirudishe," akasema. Nikairudisha, na hela ya soda pia, ila hiyo ni kesho yake.

Bibi alifariki nikiwa chuoni, akazikwa kijijini kwao. Nyumba ilishauzwa, na pale uani sasa kuna ghorofa la vyumba vya biashara, mwarobaini haupo. Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, Serikali imehamia kweli baada ya kuhamia kwa maneno tangu 1973, na treni ya umeme iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 inakutoa Dar na kukushusha kabla njaa haijauma. Sina kinyongo na hayo. Mtu aliyepanga foleni ya maji saa nane usiku hawezi kulilia zamani kwa moyo mmoja.

Mimi ninaishi Ilazo, nyumba ya ukuta na geti. Nikihitaji kitu ninampigia kijana wa bodaboda. Mwaka jana, Jumamosi moja, vitunguu vimeniishia na mafuta yako motoni, nilichungulia nje nikamwona binti wa jirani, miaka tisa hivi, amekaa bure kwenye kivuli cha ukuta. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwita, nikampa elfu mbili, karibu nikunje ngumi yake. Akaenda, akarudi na vitunguu na chenji kamili.

Jioni mama yake akagonga geti. Alikuwa mstaarabu sana. "Dada, samahani. Naomba mwanangu usimtume. Siyo wewe. Simruhusu kwenda popote kwa mtu yeyote."

Nikaitikia, nikafunga geti, nikakasirika siku mbili. Niliandaa hotuba nzima kichwani: majirani wa siku hizi, kuta, tulivyolelewa na mtaa. Siku ya tatu, naosha vyombo, hotuba imefika pazuri, nikakisikia kikohozi cha Bibi na kuona mwanga wa tochi chini ya pazia. Nikafuta mikono, nikavuka barabara.

Nilimsimulia mama yule yote, pamoja na kitanda cha gesti na nusu chupa ya soda. Nilimwonyesha hata miguu inavyosimama. Alisikiliza amekunja mikono kifuani. Hakusema nimekosea wala amekosea. Alisema, "Huyo bibi alikuwa mtu," akanikaribisha chai, tukaongea bei ya maji.

Zilipita kama wiki tatu. Nilikuwa jikoni niliposikia hodi nyembamba mlangoni. Yule binti, na kikombe mkononi.

"Shikamoo. Mama kasema anaomba chumvi."

"Marahaba. Ingia ndani basi, mbona umesimama?"

Akatazama chini, akasogeza mguu mmoja nyuma kidogo, vidole vikae sawa na ukingo.

"Hapana," akasema. "Nimeambiwa niishie hapa."